Mamba Kiziwi

Neema,

Hakuna mamba kiziwi. Naanza na hilo hata kabla ya kukusalimia, juu linanikaa kooni tangu Jumapili, na kesho asubuhi unavuka mupaka, sitaki ufike kwa shangazi yako bila kulisikia.

Umeenda kuaga wenzako wa korali. Papa yako amepiga magoti chumbani, anatafuta dadu yako nyekundu chini ya kitanda, na kila akitoka na vumbi kichwani ananiuliza kama siku hizi ninafagia kweli. Mimi niko jikoni, majani ya muhogo ya sombe yangu yanachemka juu ya makaa ya mbabula. Nimeshika kalamu nikiwa na hasira, tena kwa makusudi, juu nikingoja hasira ipoe nitakuandikia barua nzuri ya uongo. Mambo ya kula, kulala, kusali na kuvaa sweta sitayagusa. Shangazi yako atakuimbia hayo huko Kampala mpaka masikio yakuume.

Nitaeleza toka mwanzo, hata yale unayoyajua vizuri, juu unapenda kusema, "Mama anachanganya." Leo sichanganyi kitu.

Muchezo wetu uko hivi. Wewe ndiye unayesimulia: muko porini, mvua inanyesha, kuna mulango, nani anafungua? Papa yako na mimi, kila mumoja ana mutu wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na tunasema mutu huyo anafanya nini. Halafu tunatupa dadu yenye pande ishirini, hiyo moja tu tuliyo nayo, na namba ndiyo inaamua kama amefaulu ao ameanguka ndani ya shimo. Papa yako ni Padiri Matata, anayehubiri akiwa juu ya chukudu ya mbao isiyo na pedali wala breki. Mimi ni Jenerali Sombe, bibi kizee asiye na meno wala jeshi. Miaka yote tuliyocheza, Jenerali Sombe hakushindwa hata siku moja.

Na tuko na vitu vyetu vya ajabu. Wachezaji wengine, kwa jinsi ulivyotusomea kitabuni, wana panga za moto na pete za wafalme. Sisi tuna buti la kushoto la Papa yako, linalojua njia ya nyumbani kutoka popote, lakini kwa sababu liko peke yake linakuzungusha kwanza mpaka utapike. Tuna rimoti inayobadilisha maneno katika kinywa cha mutu kama shaneli za televizyo, ila huchagui atahamia wapi. Unakumbuka ule mufalme aliyetaka kutukata vichwa, akaanza kutangaza bei ya maharagi? Tuna kitambaa cha jirani yetu Mama Solange: ukijifunga kichwani unasikia masengenyo ya muji muzima, lakini yale yanayokuhusu wewe tu. Papa yako alikijaribu mara moja, akakivua mbio.

Na tuna kifuniko. Kifuniko ni changu. Ukikiinua mbele ya adui na kupiga kelele jina la chakula unachopika, adui anashikwa na njaa, anasahau ugomvi, anakaa chini kungoja sahani yake. Kwa kifuniko hicho nimekalisha majambazi, nimekalisha simba, nimekalisha hata ule muzimu wa volkano uliokula chumvi yetu yote. Kila mara ninasimama na kupaza sauti, "Sombe!", na kila mara munacheka hadi Mama Solange anagonga mbao za ukuta.

Sasa Jumapili. Tumefika kwenye muto mukubwa. Kwenye kivuko amekaa mamba, amevaa kofia ya watu wa duane, wale wa ushuru wa mupakani, anaomba kila mutu makaratasi. Padiri Matata akatoa cheti chake cha ubatizo, akapita na chukudu yake. Jenerali wangu hakuwa na karatasi. Sikuogopa. Nilisimama, nikatoa kifuniko chenyewe, kile cha kweli kinachofunika ndoo ya maji, nikakiinua, nikapiga kelele, "Sombe!"

Ukainama juu ya karatasi zako. Hukuniangalia.

"Mamba hageuki," ukasema.

"Juu ya nini hageuki?"

"Hakusikia, Mama. Ni kiziwi."

"Kiziwi! Tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

Papa yako alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Ukasema mamba amefungua kinywa, Jenerali yuko ndani ya maji hadi kiunoni, na amebakiwa na nafasi moja tu: akipata kumi na tano kwenda juu, amepona, akipata chini ya hapo, basi, amekufa na hadithi imeisha. Ukasukuma dadu mbele yangu. Nikasema maharagi yanaungua. Nikaenda jikoni, na sikurudi.

Najua utasema nini. Utasema sheria ni yangu. Ndiyo, ni yangu! Ni mimi niliyesema kila kitu cha ajabu lazima kiwe na upuuzi wake, na upuuzi wa kifuniko ni kwamba adui asiposikia, kifuniko ni bati tu. Umenipiga kwa sheria yangu mwenyewe, na ungekuwa mutoto wa mutu mwingine ningekusifu. Lakini wewe unajua ile sheria ilitoka wapi. Ao labda hujui. Tulikuwa hatuzungumzi mambo hayo.

Siku tuliyokimbia kutoka muji wetu wa Kiwanja, wewe na Papa yako mulikuwa nje munafunga godoro kwenye chukudu. Watu wamejaa barabarani, mbuzi, watoto, wote wanakwenda upande mumoja. Papa yako anaita, "Mama Neema, toka!" Mimi niko ndani ninachagua. Nasema ninachagua, juu ndivyo nilivyojiona: mwanamuke mwenye akili, asiyelia, anayejua la kuchukua. Nilikuwa nasema kwa sauti, hii ya lazima, hii ya lazima, na kusukumia ndani ya gunia. Gunia hilo nililibeba kichwani, tukapita Rutshuru, tukapita Rumangabo, shingo inaniuma, na sikumuruhusu mutu alishike.

Nililifungua hapa Goma, uani, kwenye parsele ya Mama Solange aliyetupokea, watu wamesimama wanaangalia. Nikatoa kifuniko. Sufuria yake ilibaki Kiwanja juu ya mafiga. Nikatoa rimoti. Televizyo ilibaki. Nikatoa buti la kushoto. Nikatoa kalenda ya mwaka uliokwisha. Na ile bahasha ya kahawia iliyokuwa juu ya kabati, yenye bulteni zako zote za alama za shule na vyeti vyetu vya kuzaliwa, hiyo haikuwemo. Niliikumbuka palepale. Niliisogeza pembeni kwa mukono wangu huu ili nifikie kalenda.

Mama Solange hana roho mbaya, lakini mudomo wake unamutangulia. "Mama Neema! Munakimbia na kifuniko? Na sufuria itakuja na basi ya jioni?" Parsele nzima ikacheka. Usiku ule alitupa sufuria yake mwenyewe, na kifuniko changu hakikuitosha.

Wakati wanacheka, wewe ulichukua kifuniko, ukakishika mbele ya kifua kwa mikono miwili, ukawaambia, "Musicheke. Hiki hakifuniki sufuria. Hiki kinafunika watu."

Nikakupiga kofi.

Mbele ya wote. Ulikuwa unanitetea, mutoto peke yako mbele ya watu wazima, na mimi nilikupiga juu wewe ndiye uliyekuwa karibu na mukono wangu. Sikukuomba musamaha siku ile wala kesho yake. Nilikuambia ukachote maji.

Halafu shule. Prefe, mukubwa wa shule, hakuwa mutu mubaya. Aliomba bulteni. Nikamueleza, akatikisa kichwa, akasema bila bulteni utaanza darasa moja chini. Ulikaa mwaka muzima na watoto waliokufikia begani. Kila jioni nilikuwa nangoja uniambie, "Mama, ni wewe." Nilikuwa nimepanga na majibu. Nilikuwa nitapiga kelele, nitasema unajua nini wewe, ulikuwa nje unafunga godoro. Hukusema. Unajua jinsi inavyochosha kungoja kulaumiwa na mutu asiyelaumu? Nilikukasirikia kwa hilo pia. Kama ulikuwa unashangaa kwa nini mwaka ule sombe yangu ilikuwa na chumvi nyingi, ndiyo sababu.

Badala ya lawama ulileta kitabu. Rafiki yako Esta wa darasa lile la chini alikuwa na kitabu cha muchezo huu, cha Kifaransa, kisicho na jalada, na dadu moja nyekundu, akakuachia vyote familia yake ilipohama. Mimi niliona ni mambo ya kitoto. Kisha zikaja zile siku tulizofungiwa ndani, hakuna kuran ya umeme, hakuna maji, tunalala sakafuni mbali na dirisha, na mulio wa nje hatutaki kuutaja jina. Ukawasha kipande cha mushumaa ukasema, "Mama, cheza." Nikasema sina kichwa cha muchezo. Ukachukua kifuniko kutoka kwenye ndoo, ukaniwekea mapajani. "Hiki ni chako. Kinazuia kila kitu."

Nikawaka. Unakumbuka nilivyowaka? "Hakuna kitu kinachozuia kila kitu! Usinidanganye! Kama ni cha ajabu, kipe na upuuzi wake, ndipo nitakiamini." Nilifikiri utalia. Wewe ukafikiri kidogo, ukasema, "Sawa. Lazima upige kelele jina la chakula. Na adui lazima asikie." Papa yako akacheka gizani. Halafu mimi nikacheka, Neema, na tumbo langu lilikuwa halijacheka tangu Kiwanja. Usiku ule nilipiga kelele "Sombe!" kwa sauti ya chini kabisa, juu ya hali ya nje, na jambazi wako akakaa chini kungoja sahani.

Baadaye ukachukua rimoti. Ukachukua buti. Kila kitu nilichokuwa nakificha chini ya kitanda kwa haya, ulikitoa kimoja kimoja, ukakipa nguvu na upuuzi. Ni kalenda tu uliyoshindwa. Ulisema inamurudisha mutu jana, mimi nikasema hapana, hiyo itupe, na ukaitupa bila kuuliza.

Sasa unaelewa kwa nini nina hasira? Jana Jumatatu nilikuwa nafua nguo zako za safari, nikaanza kufikiri. Mamba anayeomba makaratasi. Mwanamuke mbele yake ana kifuniko, makaratasi hana. Nikaacha kufua. Nikasema, aka! Kumbe ndiyo hivyo! Miaka yote nimengoja neno moja kutoka kinywa chake, na leo, amebakiza siku chache aondoke, ananitumia mamba! Kama ulitaka kuniambia, si ungekaa hapa kwenye kigoda, ukaniangalia machoni, ukasema, "Mama, ulisogeza bahasha"?

Nikamuendea Papa yako. Alikuwa anachomelea muguu wa kiti, hakuinua hata kichwa. "Ni mamba tu, Mama Neema," akasema. "Mutoto anaogopa mupaka. Kila mutu anaogopa mupaka. Anavuka yeye kesho kutwa, havuki Jenerali."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilisimama pale na maji ya sabuni yananichuruzika hadi kwenye viwiko. Umeangalia ile pasi yako ya kusafiria mara ngapi siku hizi? Unaitoa, unaangalia picha, unairudisha. Nilidhani ni furaha.

Lakini usijifurahishe, hasira haikuisha. Ilihama tu. Juu jana hiyo hiyo jioni nilikuuliza waziwazi, tunachambua maharagi, "Juu ya nini umemuua Jenerali wangu?" Na wewe ukanijibu kwa ile sauti yako ya upole inayonichoma, "Nilitaka tumalize vizuri, Mama. Sijui nitarudi lini. Njia zinafungwa, zinafunguliwa. Sitaki ubaki hapa unaangalia karatasi ya Jenerali, unaningoja."

Niliendelea kuchambua, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Niliinamia maharagi juu ningefungua mudomo ningeyamwaga.

Nani alikuambia kungoja ni ugonjwa? Nani alikutuma unitibu? Mimi nimengoja mvua, nimengoja mushahara wa Papa yako, nimengoja barabara ya Rutshuru ifunguke nirudi kuona kama nyumba ina paa. Kungoja nakujua. Ni kazi, na kazi naiweza. Nisichoweza ni kuambiwa na mutoto niliyemubeba mugongoni kwamba hadithi yangu imeisha, kwa heshima, ili yeye aondoke na roho nyepesi.

Nisikilize hapa, juu hapa ndipo nilipotaka kufika. Siku ile Kiwanja, woga haukunijia na sura ya woga. Ulinijia na sura ya akili. Uliniambia hii ya lazima, hii si ya lazima, na mukono wangu ukatii. Jumapili mukono wako umefanya vilevile. Ulikuwa unaogopa, ukajiambia unapanga mambo vizuri, ukanisogeza pembeni mimi ili ufikie kalenda. Sikulaumu. Ndiyo, nakulaumu! Lakini najua jinsi inavyotokea, juu niko na ile bahasha kichwani kila siku ya Mungu.

Huko unakokwenda utaogopa tena. Utaogopa lugha yao, utaogopa shule, utaogopa simu yangu isipopokelewa. Siku hiyo ukijisikia una akili sana, unakata mambo haraka, huyu simuhitaji, hili nimelimaliza, kaa chini kwanza. Piga kelele. Lia hata barabarani, watu wa Kampala hawakujui. Mimi ningelia Kiwanja kidogo tu, dakika mbili, labda machozi yangeosha macho nikaiona ile bahasha.

Na ukinikasirikia, nikasirikie mimi, kwa jina langu. Usimuvalishe mamba kofia. Mimi ni mama yako, sivunjiki. Ile lawama ya mwaka wako uliopotea, kama unayo, iandike uitume. Kama huna, andika kwamba huna, nipumzike.

Na lile kofi. Naomba musamaha wa lile kofi, Neema. Ulikuwa unanifunika na mimi nikakupiga. Nauomba nikiwa na hasira, upokee hivyo hivyo, juu nikingoja kuwa mupole itapita miaka mingine.

Utaikuta barua hii ndani ya valizi ya nguo zako, ukiwa umeshavuka, imefungwa kwenye kitenge cha kijani. Ndani ya kitenge hicho kuna kitu kigumu cha bati. Ndiyo, ni kifuniko. Najua ulikiomba Alhamisi iliyopita, na nilikujibu kwamba ndoo ya maji haiwezi kukaa wazi. Ndoo nimeifunika na sahani. Siku ya kurudi, mutu wa duane akikuuliza ni nini, mwambie ni kifuniko, na usipige kelele ya sombe mbele yake, atakurudisha kweli.

Papa yako ametoka tena chumbani sasa hivi. Anasema ameinua godoro, ameinua hata ubao wa sakafu, dadu haipo, na mutoto atasafiri bila dadu yake. Amekaa kwenye kigoda, uso umemushuka. Nimemupakulia sombe.

Haipo chini ya kitanda. Iko ndani ya blauzi yangu, imefungwa kwenye ncha ya leso, tangu Jumapili. Naoga nayo. Niliposema maharagi yanaungua, nilikuwa nimeifumba mukononi, na hakuna kilichokuwa kinaungua isipokuwa mimi. Papa yako usimwambie. Acha atafute, inamupa kazi.

Sikutupa, Neema. Angalia sheria yako, angalia kitabu chako kisicho na jalada: dadu isipotupwa, mutu hajafa. Jenerali Sombe amesimama ndani ya muto, maji kiunoni, na mamba wako kiziwi amefungua kinywa, na kinywa hicho hakitafungwa hata kama kitakauka. Wewe una kifuniko, mimi nina dadu. Yule mamba wa muto hawezi kumaliza kazi yake bila sisi wawili.

Siku utakayorudi, njia ikifunguka mwaka huu ao nikiwa sina meno kweli, usianze na salamu. Vuta kigoda, ukae mbele yangu. Nitafungua leso, nitatupa. Nikipata moja, nife basi, sitakubishia.

Lakini nitakufa ukiwa umekaa hapa.

Mama yako,
niko ndani ya maji, nakungoja.